Je, Mashine Yaweza Kuurudisha Mkono Uliopooza?



Wengi wetu tuna mzee nyumbani au kwa jirani aliyepatwa na kiharusi. Anakaa barazani, mkono mmoja umelala mapajani, na tasbihi ameihamishia mkono mwingine. Watu husema mkono ule umekufa. Wapo wanaosema amepigwa na shetani, na siku za mwanzo, ambazo ndizo zenye thamani kubwa kwa matibabu, zikapotea hivyo hivyo. Mwaka huu tumeona tuelezane kuhusu mashine ambazo wataalamu wamezitengeneza kwa ajili ya mikono kama hiyo.

Kwanza tufahamu kilichoharibika. Kiharusi ni maradhi ya ubongo. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu iliyokuwa ikiuamrisha mkono hufa. Mkono wenyewe ni mzima. Ulichokosa ni amri. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu nyingine za ubongo zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, hasa katika miezi ya mwanzo. Zinajifunza kwa kurudia. Aliyehifadhi Suratul Mulk anajua: ukisoma mara tatu ukafunga msahafu, kesho huna kitu.

Hapo ndipo roboti ilipoingia. Katika chuo cha MIT nchini Marekani, Neville Hogan na wenzake waliunda mashine iitwayo MIT-Manus. Mgonjwa hukaa mezani, mkono wake ukafungwa kwenye mkono wa mashine, na mbele yake pana kompyuta. Hutakiwa kusogeza alama kwenye kioo mpaka ifike kwenye shabaha. Akiweza, mashine humwacha aende mwenyewe. Akikwama, humsaidia kidogo. Haichoki wala haikasiriki.

Faida yake ni hesabu. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Catherine Lang walitoa matokeo ya kuhesabu mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi katika vituo vya tiba, wakakuta mkono dhaifu hufanyishwa kazi kwa wastani wa mara 32 tu katika kikao kimoja. Roboti iliweza kufikisha mara 1,024.

Je, wagonjwa walipona? Jawabu si jepesi kama tulivyotarajia. Katika majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 2010, yenye wagonjwa 127, waliotumia roboti walikuwa mbele kidogo ya waliopata huduma ya kawaida baada ya wiki 36. Lakini waliofanyishwa mazoezi mengi vile vile na binadamu hawakuachwa nyuma. Kisha mwaka 2019 Uingereza ikatoa matokeo ya wagonjwa 770: uwezo wa kusogeza mkono uliimarika kidogo kwa roboti, ila katika kazi za mkono, kama kushika na kuinua vitu, hapakuwa na tofauti ya maana na huduma ya kawaida. Kusogeza alama kwenye kioo si sawa na kushika kikombe.

Sisi tulivutiwa zaidi na jaribio la mwaka 2006 lisilohitaji umeme. Wagonjwa waliokuwa bado na uwezo mdogo wa kusogeza kiganja na vidole walivishwa glovu nene kwenye mkono mzima, karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka mmoja baadaye faida ilikuwa bado ipo. Hata kile kifaa kidogo kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2021, ambacho hupandikizwa kifuani na kuamsha mshipa wa fahamu wa shingoni, hutumika pamoja na mazoezi. Peke yake hakitoshi.

Sasa turudi barazani. Babu akinyoosha mkono dhaifu kuchukua tende, sisi wajukuu hukimbia kumpa mkononi mwingine. Tunamvisha kanzu, tunamfunga vifungo, tunamlisha. Tunafanya kwa mapenzi, na kila mara tunampunguzia moja katika zile hesabu zake.

Lakini tusijitungie mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini ndiye atakayepima mkono una uwezo gani. Na kamwe tusimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, kwani bega lake huwa legevu na huumia upesi.

Bibi ya mwenzetu mmoja alipewa na mtaalamu wake kazi ya kuhamisha maharage kutoka bakuli moja hadi jingine kwa mkono dhaifu. Siku ya kwanza alihamisha manne, akakasirika, akataka yaondolewe. Wajukuu wakakaa naye mkekani wakimhesabia kwa sauti. Tulipomtembelea mara ya mwisho alikuwa amefika sitini na tatu, na yaliyoanguka aliwaamuru wao wayaokote.