Je, Wajua? Anwani Isiyotoka kwa Ruta
Kompyuta nyumbani Namawala, katika bonde la Kilombero, ikionyesha anwani ya IP ianzayo na 169.254, basi anwani hiyo haikutolewa na ruta, bali kompyuta imejitungia yenyewe baada ya kuomba isijibiwe, kwa mujibu wa kanuni iliyotangazwa mwaka 2005. Anwani zitolewazo na ruta aghalabu huanza na 192.168, nazo, kwa hekima njema ya waliozitenga kwa matumizi ya ndani tu, zaweza kukaririwa Ifakara na Muskati pasipo kudhuriana. Umeme ukatikapo na kurejea, iwashe ruta kwanza, ungoje hata taa zake zitulie, ndipo kompyuta iombe upya. Isipofaulu, tazama kama vyombo vilivyounganishwa havikuzidi idadi ya anwani ambazo ruta imeruhusiwa kugawa.