Mashine isiyochoka: nguvu inatoka wapi?

Tulipokuwa likizo Kikwajuni, kijana mmoja wa mtaani alitufungulia daftari lake. "Mafrateri, hebu tazameni hii."

Alikuwa amechora bomba refu lililojaa maji na mnyororo wa madumu matupu yaliyozibwa. Upande mmoja madumu yanapanda majini kwa kuwa yanaelea. Upande wa pili yanashuka hewani kwa uzito wake. Mnyororo unazungusha jenereta usiku na mchana, bila mafuta. Alikuwa tayari kuuza pikipiki yake ili aijenge.

Hatukumcheka. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme huo. Anayekumbuka siku zile anaielewa ndoto ya kijana huyu.

Lakini tupige hesabu. Tuseme bomba lina kimo cha mita 10 na dumu ni la lita 10. Maji hulisukuma juu kwa nguvu ya niutoni 100 hivi. Kwa mita 10 tunapata jouli 1,000. Je, dumu linaingiaje kule chini? Pale maji yanakandamiza kwa paskali 100,000 hivi. Kuyasogeza maji ya lita 10 ili dumu lipate nafasi kunadai jouli 1,000 zilezile. Nao uzito wa dumu, unachokitoa likishuka hukidai likipanda. Faida ni sifuri, na bado msuguano haujachukua chake.

Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena michoro ya mashine za namna hii. Sababu mojawapo: zilikuwa zimeshafilisi familia.

Darasani tunasoma hoja ya Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba kila kinachosogea husogezwa na kingine. Hoja hiyo inamhusu Mungu, si jenereta, wala tusiigeuze kuwa kanuni ya fizikia. Ila inatuzoeza kuuliza swali ambalo mchoro ule uliliruka: nguvu inatoka wapi?

Kijana alirudia hesabu mwenyewe, mara mbili, akanyamaza. Kisha akauliza bei ya paneli ya jua. Hilo ni swali zuri, maana nguvu ya paneli inajulikana inakotoka. Pikipiki bado anayo.