Herufi 650 za Samaki wa Kyela

Mbasa mzima akishushwa kutoka mtumbwini pale Matema, wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hana haja ya kutambulishwa. Mvuvi anamjua kwa umbo lake refu na magamba yake madogo, mnunuzi anamjua kwa bei. Shida huanza akishakatwa minofu, au akiwa bado kifaranga asiyezidi urefu wa kucha. Hapo jicho hukwama, na vinasaba ndivyo vinavyoulizwa.

Njia yenyewe haina miaka mingi. Mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kila mnyama atambuliwe kwa kipande kimoja cha jeni iliyomo ndani ya mitokondria, chenye herufi za vinasaba zipatazo 650. Ndani ya spishi moja herufi hizo hufanana sana. Kati ya spishi na spishi, kwa kawaida hupishana. Miaka miwili baadaye watafiti wa Australia waliipima kwa spishi 207 za samaki, na zote zikatofautishwa.

Mwaka 2008 wanafunzi wawili wa sekondari jijini New York walinunua samaki madukani na mikahawani, wakapeleka vipande Guelph. Karibu robo ya waliotambuliwa walikuwa wameuzwa kwa jina lisilo lao. Mmoja, aliyeitwa jodari mweupe, alikuwa perege wa Msumbiji.

Darasa la Kyela linaweza kuifuata njia hiyo hiyo likipata vifaa. Kipande cha nyama ya samaki kisichozidi punje ya mchele husagwa ndani ya kijichupa chenye kimiminika cha kuvunja seli, kisha hupashwa moto. Tone la kimiminika hicho huingizwa kwenye mashine ya kunakili: nyuzi joto 95 ili nyuzi mbili za vinasaba ziachane, kama 50 ili kipande kinachotafutwa kishikwe, 72 ili kinakiliwe. Mzunguko huo hurudiwa mara thelathini na kitu, na nakala chache huwa mamilioni. Nakala hizo huwekwa kwenye jeli, na mwanafunzi hujua amefaulu akiona mstari mmoja uking'aa humo. Kusoma herufi zenyewe hufanyika katika maabara kubwa, kisha majibu hulinganishwa na hazina ya kimataifa iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Samaki wa kukaushwa kwa moshi ni mgumu zaidi, kwa sababu joto hukatakata vinasaba. Hapo husomwa kipande kifupi.

Swali zuri la kuanzia liko mtoni. Mbasa huacha ziwa na kupanda mito ili kutaga, na vifaranga wake ni vijisamaki vya rangi ya fedha, wa ukoo wa karibu na dagaa wa Nyasa. Je, ndani ya kokoro la nyavu za macho madogo mna vifaranga wa mbasa wangapi? Mbasa amepungua kiasi cha kuwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo jibu lina maana kwa uvuvi wa wilaya nzima.

Lakini mwanafunzi akileta magege, au wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa miambani kuelekea Ikombe, mashine itamjibu nusunusu. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za ukoo huo wa perege, na nyingi zilitengana juzijuzi tu, kwa hesabu ya mageuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulisoma vinasaba vyote vya spishi 73 za ziwa hili: kwa wastani, spishi mbili zilipishana kwa asilimia 0.1 hadi 0.25 pekee. Spishi tofauti hukutwa na herufi 650 zile zile. Hapo mwanafunzi hajakosea. Ameshika mageuzi yakiwa bado yanaendelea.

Mfano wa wazi uko kwenye njia ya kwenda Tukuyu, katika ziwa la kasoko la Masoko, lenye upana wa mita 700 hivi. Timu iliyomjumuisha Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ilieleza mwaka 2015 jinsi samaki wa aina moja walivyoanza kugawanyika humo katika miaka isiyozidi 1,000 hivi: madume ya kina kifupi ni ya njano, ya chini ni ya buluu iliyokolea. Tofauti zao za vinasaba zilionekana baada ya kusoma vinasaba vyote. Ndiyo maana daftari la darasa linapaswa kubeba pia picha ya samaki akiwa mbichi, kina alikovuliwa, na jina alilopewa na mvuvi.