Kompyuta ya kikundi ilivyofutwa, na kwa nini tuliomba vitabu vyenu

Wengi mliuliza kwa nini Jumamosi iliyopita tuliomba kila mmoja aache kitabu chake cha akiba mezani. Tunawaeleza hapa yote, na kosa letu likiwamo, maana tunajua vikundi vingine pia vina kompyuta moja tu ya hesabu ya sanduku, mitihani ya watoto na picha za arusi.

Kompyuta yetu ilikuwa na Windows 10. Tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows hiyo, na masini yenyewe ikatuuliza kama tunataka Windows 11. Ilikuwa na haki ya kuipokea: inatakiwa kumbukumbu ya giga 4, diski ya giga 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na yetu inavyo vyote. Tukabonyeza ndiyo. Hatukutazama kwamba diski ilikuwa karibu kujaa. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na betri yetu, mnaijua, haimalizi hata robo saa.

Ilipowaka tena ilijikokota hadi mwisho, lakini haikuwa masini ileile. Kufunguka tu, dakika ishirini. Wi-Fi inaonekana na kupotea, imprimante haionekani kabisa. Windows inaruhusu kurudi nyuma ndani ya siku 10 baada ya kupanda, lakini ya zamani inakuwa imewekwa katika folda inayoitwa Windows.old, na sisi folda hiyo tulikuwa tumeifuta ili kupata nafasi. Nani alitushauri, tumsamehe.

Kijana mmoja wa mtaani akasema ataiformati saa ileile, tulipe dola kumi. Mama mshika sanduku akamuuliza: «Na hesabu yetu inabaki wapi?» Kijana akajibu kwamba kuformati ni kufuta. Mama akachukua kompyuta yake akaifunga katika kitenge, tukarudi nayo nyumbani.

Kijana hakukosea. Kuweka Windows upya kabisa, juu ya diski tupu, ndiyo dawa ya masini iliyoharibika namna hiyo, na si kazi ya mchawi. Kazi kubwa iko kabla. Tulitafuta fulashi mbili. Ya kwanza, ya giga 8 au zaidi, ni ya Windows yenyewe: kwenye kompyuta nzima ya jirani tulichukua programu ya bure ya Microsoft inayotengeneza fulashi hiyo. Jueni kwamba inafuta kila kitu kilichokuwa ndani yake, na inakula zaidi ya giga 5 za intaneti, basi nunueni forfait ya usiku. Fulashi ya pili ni ya mali yenu. Humo tuliweka pia piloti ya Wi-Fi, ile programu ndogo inayofanya Wi-Fi itambulikane, tuliyoichukua kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza masini.

Tukakopi folda ya Documents, tukakopi Images, tukahesabu picha, tukafurahi.

Siku ya pili tulichomeka chaja, tukangoja saa ambayo umeme unatulia kwetu, tukawasha masini huku tukibonyeza F12 (kwa masini nyingine ni Esc au F9) hadi ikatuuliza ianzie wapi. Tukachagua fulashi. Lugha, Kifaransa. Ilipodai namba ya ufunguo tukachagua kwamba hatuna. Masini ambayo Windows yake ilikuwa halali inatambuliwa yenyewe ikipata intaneti, mradi muweke aina ileile, Famille kwa Famille, Pro kwa Pro. Kisha ikaonyesha vipande vya diski. Hapo mkono unatetemeka. Ondoeni kwanza kila fulashi au diski nyingine iliyochomekwa, msije mkafuta isiyo yake. Tulifuta vipande vyote, tukabakiza nafasi tupu moja, tukaendelea. Inajizima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Msibonyeze F12 tena, mtaanza upya. Mwishoni inadai intaneti na adresi ya Microsoft. Wi-Fi ilikuwa bado haijaonekana, tukaunganisha simu kwa waya wake wa chaja tukaipa intaneti ya simu.

Kufikia jioni masini ilifunguka haraka kama mpya. Mwandishi akatafuta faili ya sanduku.

Haikuwamo. Haikuwa katika Documents wala katika Images. Ilikuwa juu ya Bureau, pale mbele kabisa ambapo kila mtu anaiona akifungua masini, na kwa sababu tulikuwa tunaiona kila siku hakuna aliyefikiri kwamba nayo inatakiwa kukopiwa. Sisi ambao masomoni tunawaambia watoto warudie hesabu mara mbili, hatukurudia. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri.

Kilichobaki ni kopi ya mwezi wa tatu, tuliyokuwa tumeituma kwa barua pepe ili ichapishwe. Baada ya hapo, hakuna karatasi. Mnakumbuka mwezi wa nne tuliamua kuacha kaye kubwa kwa kuwa tuna kompyuta. Lakini vitabu vyenu viliendelea kugongwa muhuri kila mkutano, hisa moja hadi tano, na mikopo imeandikwa kwenye kurasa za nyuma. Ndiyo maana tuliviomba. Tangu Jumamosi watatu wetu wamekaa navyo, mmoja anasoma mihuri, mmoja anaandika katika kaye, mmoja anaingiza katika masini, na kila jioni faili inakwenda kwenye fulashi ambayo mama mshika sanduku anaifungia ndani ya sanduku lenyewe, chini ya zile kufuli tatu.

Kaye kubwa imerudi. Pesa zilizo sandukuni tulizihesabu mbele ya washika funguo wote watatu. Ukijumlisha mikopo na kulinganisha na mihuri, kila kitu kinalingana isipokuwa hisa mbili, na kitabu kimoja hatujakiona: cha mama aliyekwenda Likasi kwenye kilio. Anarudi Ijumaa.