Duka Ndani ya Kitabu

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru. Huko juu, katika nchi ya Mgeta, Waluguru hulima mboga na matunda, kisha huyateremsha kwenda kuyauza. Zamani mtu wa mlimani aliyetaka jembe, nguo au taa alishuka kwa miguu hata mjini, akapanda tena na mzigo wake kichwani. Dukani alichagua katika vile alivyovikuta tu, na bei alitajiwa na mwenye duka. Asipoikubali, alirudi mikono mitupu.

Shida hiyo haikuwa ya Waluguru peke yao. Watu wa mashambani katika nchi nyingi waliijua, na kwa ajili yake ilibuniwa katalogi, yaani kitabu chenye picha za bidhaa na bei zake. Atakaye kitu huandika barua, hupeleka fedha, kisha huletewa kifurushi kwa posta.

Mmoja wa watu wa kwanza kufanya biashara hiyo alikuwa Pryce Pryce-Jones, mwuza nguo wa mji mdogo wa Newtown katika Wales, nchi ya milima na kondoo. Reli ilifika mjini kwake mwaka 1859. Mwaka 1861 alianza kupeleka kwa posta orodha ya nguo zake za sufu. Treni ikachukua vifurushi vyake hata miji ya mbali, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa mmoja wa wanunuzi wake.

Katika Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza mwaka 1872 katika mji wa Chicago. Katalogi yake ya kwanza ilikuwa karatasi moja tu, yenye vitu 163. Wakulima walikuwa wakinung'unika kwamba maduka ya mashambani huwatoza bei kubwa. Ward aliuza kwa fedha taslimu, wala hakuweka wachuuzi katikati, basi bei yake ikapungua. Walakini wengi waliogopa. Nani atampelekea fedha mtu asiyemjua, kwa kitu asichopata kukishika? Kwa hiyo mwaka 1875 Ward aliahidi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Ahadi hiyo iliwatoa watu hofu, nao wakaagiza.

Baadaye kampuni ya Sears, Roebuck ilimpita Ward. Kitabu chake kilikuwa na mamia ya kurasa, na tangu mwaka 1908 hata 1940 mtu aliweza kuagiza kwake hata mbao na misumari ya nyumba nzima. Katika majimbo ya kusini, siku zile watu weusi walidharauliwa madukani. Mara nyingi walingojeshwa mpaka Wazungu wote waishe kuuziwa. Bali katika katalogi bei ilikuwa moja kwa kila mtu, na barua haionyeshi rangi ya ngozi. Hivyo mtu alinunua bila kudharauliwa.

Na huku Uluguru je? Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na barua zikaenda upesi kuliko miguu ya wapagazi. Lakini treni haipandi mlima. Kifurushi kikifika mjini, mwenyewe hana budi kushuka akichukue, na kikitoka ng'ambo huenda kikadaiwa ushuru wa forodha. Tena yampasa mwenye kuagiza ajue kusoma, aandike jina na anwani yake sawasawa, ataje namba ya kitu na kipimo chake. Kosa la tarakimu moja laweza kumletea mzee viatu vya mtoto.

Katalogi zile kubwa zimekoma: ya Ward mwaka 1985, na ya Sears mwaka 1993. Siku hizi picha za bidhaa huonekana katika simu, na fedha nazo hupelekwa kwa simu. Walakini jambo lenyewe halikubadilika. Mkulima aliye mbali hutoa kwanza fedha za mavuno yake, ndipo aone mali aliyoinunua. Akidanganywa, hasara si yake peke yake, kwa maana majirani zake nao wataogopa kuagiza, hata kwa mfanyabiashara mwaminifu.

Kwa hiyo kila upande una wajibu wake. Mwuzaji na apeleke kitu kile kile alichokionyesha katika picha, na kikiwa kibovu akubali kukipokea tena. Mnunuzi naye na asome maneno yote kabla ya kutoa fedha, aandike siku aliyolipa na kiasi alicholipa, tena atunze stakabadhi yake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.