Vidonge vya Uzazi wa Mpango na Hofu ya Kunenepa kwa Wanafunzi wa Vyuo

Miongoni mwa sababu zinazowafanya wanafunzi wa kike wa vyuo kuacha vidonge vya uzazi wa mpango, hofu ya kunenepa husikika mara nyingi. Wapo wanaoacha katikati ya pakiti bila kuanza njia nyingine, na baadhi yao hurudi kliniki wakiwa tayari ni wajawazito. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa ushahidi, si kwa kubezwa.

Kidonge cha kwanza kilichoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1960 kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Vidonge vingi vya leo vyenye homoni mbili vina mikrogramu 20 hadi 35 tu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014, yaliyochambua majaribio 49, hayakupata ushahidi kwamba njia za homoni mbili huongeza uzito kwa kiasi kikubwa. Ongezeko dogo haliwezi kukanushwa kabisa, kwa kuwa majaribio yaliyolinganisha na wasiotumia homoni yalikuwa machache. Aidha, estrojeni huweza kubakiza maji mwilini, hivyo matiti na tumbo vikajaa katika miezi ya mwanzo. Hayo si mafuta. Sindano ya miezi 3 ni suala jingine: huongeza uzito wa baadhi ya watumiaji, na mtoa huduma asiichanganye na vidonge.

Mara nyingi msichana huanza vidonge katika kipindi kilekile anapoanza maisha ya chuo. Chakula cha nyumbani amekiacha. Asubuhi huondoka bila kunywa chai, mchana hula maandazi kwa soda kati ya vipindi, na usiku wa manane, akijisomea, hununua chipsi mayai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na takribani gramu 35 za sukari. Uzito ukiongezeka, pakiti ya vidonge ingali mezani na ndiyo hulaumiwa; chupa za soda zilikwisha kurudishwa dukani.

Linalotia wasiwasi zaidi ni msichana anayejitapisha baada ya kula ili apungue. Akitapika ndani ya muda wa saa 2 tangu ameze kidonge, hana budi kumeza kingine mapema. Kutapika kukiendelea kwa zaidi ya siku 2, afuate maelekezo ya aliyesahau vidonge, na atumie kondomu. Mwenye mazoea hayo humfaa zaidi kitanzi au kipandikizi, ambavyo havipiti tumboni, pamoja na msaada wa afya ya akili. Jambo hili huulizwa faraghani na kwa upole. Wengi hawalitaji wenyewe.

Uzito na shinikizo la damu vipimwe na kuandikwa siku ya kwanza, kisha uzito upimwe tena baada ya miezi 3 kwa mizani ileile. Anayetaka kuacha vidonge afike kliniki pakiti ikiwa haijakwisha, ili njia mpya ianze siku hiyohiyo.