Biashara ya makoja ya Krismasi: malighafi ikibadilika, soko huhama

Koja la kumetameta linalotundikwa mlangoni wakati wa Krismasi lilizaliwa katika karakana zilizopamba sare za maofisa wa jeshi na mavazi ya makasisi. Tangu karne ya 16, mafundi wa Nuremberg na miji ya jirani kama Roth, kusini mwa Ujerumani, walivuta waya wa shaba uliopakwa fedha au dhahabu hadi ukawa mwembamba kama unywele, wakaubapaza na kuusokota na uzi. Mti wa Krismasi ulipoenea majumbani katika karne ya 19, ujuzi uleule ukapata wateja wapya.

Fedha ilikuwa ghali, tena hufifia. Watengenezaji wakageukia bati na risasi. Risasi ni nzito, hivyo uzi wake huning'inia ukiwa umenyooka, na haishiki moto, jambo kubwa enzi za mishumaa mtini. Lakini ni sumu. Mwaka 1971 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilibaini hatari kwa watoto, na watengenezaji na waagizaji wakakubali kuacha nyuzi za risasi kuanzia Januari 1972.

Plastiki ikashika nafasi. Utando mwembamba wenye mng'ao wa alumini hukatwa matamvua, kisha husokotwa kwenye waya. Kazi hii haimhitaji fundi bingwa. Inahitaji plastiki ya bei nafuu, mikono mingi na bandari ya karibu. Ndiyo maana leo mji wa Yiwu, mkoani Zhejiang nchini China, hukadiriwa kutoa zaidi ya nusu ya mapambo ya Krismasi duniani.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaijua Yiwu vizuri. Ugumu wa bidhaa hii uko kwenye usafiri na muda. Koja ni jepesi lakini hujaza nafasi, na anayechangia kontena hutozwa kwa mita za ujazo (CBM), si kwa kilo. Oda huwekwa katikati ya mwaka, fedha hutoka miezi kadhaa kabla ya mauzo, na mzigo ukifika baada ya tarehe 25 Desemba, mtaji umelala hadi mwaka unaofuata. Mwenye mtaji mdogo asiweke fedha zake zote humo.

Pwani tunayo biashara ya makoja isiyosubiri meli. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja hutunga asumini kwa ajili ya harusi na Idi. Maua hununuliwa hapahapa, na fedha hubaki mtaani. Udhaifu wake ni kwamba makoja haya hunyauka baada ya siku moja, hivyo hayawekwi stoo na mtungaji huogopa kutunga mengi. Mahoteli ya pwani yanayopamba kumbi kila Desemba yanaweza kumwondolea hofu hiyo: yaagize makoja ya asumini kwa usiku wa mkesha wa Krismasi, bei ikubaliwe mapema na malipo ya awali yatolewe.